Nilimfuata mume wangu tuition kwa wivu, nikatoka na Kilatini

Salaam wakuu, wake kwa waume. Haya yamenitokea mwenyewe, wallahi sijaongeza neno.

Naishi Miburani, Mafia. Mume wangu, Baba Rukia, anaendesha boti ya wageni wanaokuja kuangalia papa potwe. Akataka kupanda awe guide. Kwenye usaili wanauliza majina ya kisayansi ya wanyama, basi akaanza tuition kwa Madam Neema, mwalimu wa Biology kutoka bara.

Madam hana mume. Na kicheko chake ndo usiseme.

Baba Rukia akirudi, paka wangu anamwita Felis. Ng'ombe wa jirani, Bos. Kunguru akitua uani: "Corvus huyo, ukoo wa Corvidae, Madam kasema."

Madam kasema, Madam kasema! Roho iliniuma mpaka wali naunguza.

Nikajitanda kanga, nikamfuata hadi barazani kwa Madam.

"Karibu Mama Rukia."

"Ahsante, nasuka ukili wangu tu hapa. Endeleeni."

Ikawa kila jioni nipo, nawakodolea macho. Sasa sisi tuliopita chuo cha Kurani tumezoea kuhifadhi maneno hata usipojua maana, unayaimba tu mpaka yanakaa. Nasuka huku naimba kimoyomoyo: Canis mbwa, Canidae. Delphinus pomboo, Delphinidae. Mbuzi ni Capra, ila kumbe ukoo wake Bovidae, mmoja na ng'ombe! Hilo nilishangaa kweli.

Siku ya usaili nikamsindikiza Kilindoni, maana Madam naye alikuwa anakwenda. Niwaache wawili? Thubutu!

Msaili mmoja akaniuliza, "Na wewe mama umekuja kufanya usaili?" Nikamwona Madam ananitazama. Nikasema ndiyo.

Baba Rukia aliganda kwenye pomboo. Mimi nilimwaga majina yote.

Nikachukuliwa mimi. Wa kwanza kunikumbatia alikuwa Madam, nikaona aibu jamani.

Sasa tuko boti moja, yeye kwenye injini, mimi naongea na wageni. Jana nilicheka na kijana mmoja wa Kizungu, mume wangu akazima injini katikati ya maji.

"Yule nani?"

"Homo sapiens," nikamjibu. "Ukoo wa Hominidae, kama wewe."

Hajanisemesha mpaka sasa hivi.

Nilichojifunza wakuu: wivu ukiwa wako unauona una sababu, ukiwa wa mwenzio unauona ushamba.

Wenye ndoa nishaurini. Nikambembeleze, au nimwache kwanza auonje?