Sauti ya Mwanamme Kwenye Wimbo wa Tano

Likizo ile nilikuwa na miaka kumi na sita, na sifa yangu kubwa katika ukoo ni kwamba nilikuwa sisemi. Mama akinitambulisha kwa wageni kama mtu anavyoonyesha kabati: huyu hapa, hana matata. Yote niliyoshindwa kuyasema niliyaandika kwenye daftari, kwa Kiswahili, kwa sababu skulini kwetu Jiddah hakuna mwalimu aliyeweza kukisoma, na nyumbani hakuna aliyekuwa na hamu. Haya nayatoa humo, isipokuwa dakika chache ambazo hata daftari sikulieleza.

CD yenyewe niliinunua mtaa wa Kandara, hapo hapo Jiddah, kwenye duka la mzee wa Kiyemeni aliyeuza chaja za simu, pasi mbovu na mizigo iliyoachwa na watu waliorudi makwao. Kilichonivuta ni jalada. Mwanamke wa Kizungu amekaa kwenye piano, gauni la mikono mirefu, nywele kazifunga juu, anamtazama mpiga picha kama mtu aliyekatizwa kazi. Kijitabu cha ndani kilieleza, kwa Kiingereza nilichokielewa nusu, kwamba hizi ni rekodi zake za mwanzo, zilizofanywa Ulaya baada ya vita, wakati mwanamke kupiga jazi kulishangaza watu kama vile mwanamke kuendesha gari kwetu. Hilo la gari halikuwamo kijitabuni, nimeliongeza mimi.

Rekodi zilisikika kama zimekaangwa. Nyuma ya piano kulikuwa na mvumo wa mafuta ya moto, mtu anakohoa, gilasi zinagongana. Na mwanzoni mwa wimbo wa tano, kabla bibi hajagusa piano, mwanamme mmoja anatoa maneno marefu kwa lugha nisiyoijua, anacheka peke yake, halafu watu wanapiga makofi. Nadhani alikuwa akimtambulisha. Alizungumza sana kwa mtu ambaye hakuja kupiga chochote.

Shule zilipofungwa nikapakiwa kwenye basi kutoka Jiddah kwenda Riyadh, kwa shangazi yangu, ndugu wa baba, nyuma ya maduka ya Sulimaniyah. Sisi tuliobaki Jiddah, mtaa wa Al-Mahjar, tulikuwa bado tunahangaika na ikama, kibali cha kuishi, kila mwaka. Shangazi yeye aliolewa na mtu mwenye uraia, na habari hiyo aliivaa kila siku pamoja na bangili zake. Miaka ile Wakenya walikuwa wakiletwa kwa wingi kufanya kazi za ndani, ndege baada ya ndege, na shangazi naye akaagiza mmoja. Alimshukuru Mungu kupata mtu anayejua Kiswahili, kisha akamkataza kumwita kwa Kiswahili. Alitaka aitwe madam.

Mimi huyo mfanyakazi nilimwita dada. Alikuwa Mkristo wa Nakuru, na kanisani kwao ndiye aliyekuwa akipiga kinanda. Siku yangu ya kwanza alinieleza hali yake kama mtu anayekuonyesha choo kiko wapi. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi miwili. Akiimaliza, anapanda ndege kwenda kwa watoto wake. Akirudishwa ofisini kwa mawakala kabla ya hapo, atapewa kafili mwengine, mwajiri wa kumdhamini, na ataanza miaka miwili mingine tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo, akaniambia, kwa miezi miwili hii yeye hana maoni juu ya jambo lolote.

Juu ya CD yangu alikuwa nayo. Nilikuwa nikiiweka kwa sauti ndogo anapopiga pasi mchana, shangazi amelala.

"Huyu mama anacheza ni kama amechelewa church na bado anasalimia watu njiani," aliniambia.

Alinionyesha kwenye meza ya pasi jinsi mkono wa kushoto unavyotembea, vidole vyake vikipita juu ya kanzu ya bosi, mume wa shangazi. Kuna mahali kwenye wimbo wa tatu alikuwa akiniashiria ninyamaze, kana kwamba mimi nilikuwa na tabia ya kupiga kelele. Hapo bibi anakosea, akasema, sikia, amegusa isiyo yake na amepita nayo tu. Nilirudisha mara kumi ndipo nilipolisikia kosa lenyewe. Ndivyo nilivyosomeshwa muziki, na mtu asiye na piano, juu ya kanzu ya mtu.

Kisha ikaja siku ya kumposa binti wa shangazi, na tatizo likawa muziki. Shangazi alikuwa akienda darasa la dini na wanawake wenzake kila Jumanne, na tangu hapo muziki ulikuwa haramu nyumbani, isipokuwa ule anaoupenda. Wakwe watarajiwa walisemekana ni watu wa dini zaidi yake, jambo lililomkosesha usingizi. Taarabu hakuitaka, kwa kuwa ina maneno, na maneno yale kila aliyekaa ukumbini anajua yanamwendea nani. Wapigaji wa kike wa kukodi hakuwataka, kwa kuwa watataka kula. Basi siku moja akasimama mlangoni akaisikia piano yangu, akalitazama jalada mbele na nyuma, akatoa fatwa yake mwenyewe: muziki usio na maneno, uliopigwa na mwanamke, ukasikilizwa na wanawake, hauna pa kushikwa.

"Hamna mwanamme humu?" akaniuliza.

"Anayepiga piano ni mwanamke," nikasema.

Besi na ngoma walipiga wanaume wawili, na kijitabu kiliwataja, lakini besi haina ndevu ukiisikiliza kutoka chumba cha pili. Habari ya yule wa wimbo wa tano sikuitaja. Niliazimia nitauruka, na nani atajua.

Redio iliwekwa kwenye ushoroba kati ya sebule na jiko, kwa sababu shangazi alitaka muziki usikike lakini usionekane. Nami nikapewa kiti pembeni yake. Haikuwahi kutokea kazi iliyonifaa kama ile, kukaa peke yangu nyuma ya mlango na kubonyeza kidude.

Baada ya alasiri wakaja wanawake, wapata thelathini. Mabuibui yote yalivuliwa na kurundikwa juu ya kitanda cha shangazi, ghorofani, na sebuleni wakabaki watu wengine kabisa: migongo, mabega, nywele za saluni, hina hadi kwenye viwiko. Bibi wa Kizungu alianza vizuri. Wakwe walimsikiliza kwa heshima ya mtu aliyepewa chakula asichokijua. Dada alikuwa jikoni na sambusa, mlango wa uani ameuacha wazi moshi utoke.

Wimbo wa nne ulipoanza, mmoja katika wakwe, mama mnene mwenye miwani ya dhahabu, akaniona kupitia mlangoni akaniita. Njoo mwanangu nikuone. Ukiitwa hivyo kwenye shughuli kama ile huendi kusalimia, unakwenda kukaguliwa, maana yule mama ana watoto wa kiume wengine. Nikasimamishwa katikati ya zulia. Nikageuzwa. Akanishika mkono akautazama kama anataka kuununua kwa kilo. Akauliza miaka yangu, akauliza kama napika, na kila alichoniuliza akajibu shangazi.

"Mbona hasemi? Anasikia lakini?"

"Anasikia vizuri sana," shangazi akasema.

Nilikuwa nasikia vizuri sana. Nilikuwa nasikia wimbo wa nne unamalizika.

Mwanamme akaanza kuzungumza ushorobani. Sauti nene, ya mtu aliyeshiba, karibu kabisa na mlango. Akacheka.

Sijawahi kuona watu wazima wakienda kasi vile. Mabuibui yako ghorofani na njia ya kwenda ghorofani inapita ushorobani, alipo mwanamme. Basi kila mtu akajisitiri kwa alichokipata. Wawili waliingia kwenye pazia moja. Bibi harusi mtarajiwa alivuta kitambaa cha sofa huku mkwe mmoja amekikalia. Mama wa miwani ya dhahabu alijifunika kwa sinia, uso tu, akaliacha lililobaki kwa Mwenyezi Mungu. Shangazi aling'oa kitambaa cha meza na vikombe vyake, akajitanda, akatoka kupambana, nami nyuma yake.

Kufika ushorobani hapakuwa na mtu, ila piano sasa. Akaizima ili asikie vizuri. Akausukuma mlango wa jiko. Ndani alimkuta dada na kijiko cha mafuta mkononi, na nyuma yake mlango wa uani uko wazi.

"Nani alikuwa hapa?"

"Hakuna mtu, madam."

"Nimemsikia kwa masikio yangu!"

"Hata mimi nimemsikia, madam. Lakini si mimi nimemleta."

Shangazi alikuwa ameshamaliza uchunguzi. Ni dereva wa nyumbani. Dada kamwingiza dereva ndani ya nyumba yenye wanawake wasiojisitiri, mbele ya wakwe. Dereva wakati huo alikuwa ametumwa mkate na yeye mwenyewe shangazi, lakini hilo halikumzuia. Akamtukana dada, akaitukana nchi yake, akahamia kwa aliyemzaa. Wageni wakasogea nyuma yetu ndani ya mapazia yao kuangalia. Mwisho shangazi akasema, kwa sauti ya chini, na ndiyo iliyotisha: "Kesho asubuhi nakurudisha ofisini. Wakakutafutie kafili mwengine. Halas."

Dada hakulia. Alizima jiko kwanza, sambusa zisiungue, kisha akanitazama. Aliijua ile CD kuliko mimi, lakini yeye angesema nani angemwamini.

Hapa ndipo daftari langu lina ukurasa mtupu. Nilisimama hatua mbili kutoka kwa shangazi, jibu nimelishika mdomoni, na wanawake thelathini wananitazama au hawanitazami, sikumbuki. Nikasubiri mtu mwengine aseme. Sijui nilimtegemea nani, labda bibi wa kwenye jalada. Shangazi alipata nafasi ya kuanza matusi upya tangu mwanzo, na mimi bado nimesimama, mtoto asiye na matata.

Sikusema. Nilichoweza ni kuinama, kuiwasha redio na kubonyeza mbele mara nne, mpaka wimbo wa tano.

Mwanamme akaanza kuzungumza. Mapazia yakakimbia. Shangazi mwenyewe alijifunika uso akageukia ukutani. Nikabonyeza tena. Safari hii waliokimbia ni wachache, na mmoja wao alirudi kutoka njiani. Mara ya tatu watu wote waliitazama redio, mwanamme akasema maneno yake yote bila kukatizwa, akacheka, akapigiwa makofi.

Bibi mmoja mzee, nyanya yake bwana harusi, alikuwa hajanyanyuka kitini tangu mwanzo.

"Mkaribisheni basi," akasema. "Keshabisha hodi mara nne."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Shangazi hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Uliniambia hamna mwanamme."

"Nilisema anayepiga piano ni mwanamke," nikasema. Ndiyo maneno yangu ya kwanza jioni ile, na yalikuwa ya kujitetea mwenyewe.

Akaitoa CD akaitia mfukoni, na sikuiona tena. Akamwambia dada, bila kumtazama: "Yalla, sambusa." Shughuli ikaendelea. Uchumba ulikubaliwa, nasikia kwa kuwa yule nyanya alisema hajacheka hivyo tangu awe mjane.

Wageni walipoondoka niliingia jikoni kusaidia vyombo. Dada alinipisha kwenye sinki kama mgeni.

"Ulikuwa unajua ni ile sauti ya CD?"

"Nilijua."

"Na nikatukaniwa mama, ukanyamaza tu."

Sikuwa na la kusema, na kwa mara ya kwanza nikaona hiyo si sifa. Akaniambia kwamba yeye hajaambiwa kama anabaki. Ameambiwa sambusa. Kesho asubuhi huenda akaambiwa ofisi. Yeye kumuuliza madam hawezi, ataonekana anadai kuombwa radhi. Wewe nenda, akasema, na usipeleke redio.

Nilimfuata shangazi asubuhi, akichana nywele. Nilisimama mlangoni mpaka akaniona kwenye kioo. Nikamuuliza kama dada anarudishwa ofisini. Nikasema kosa ni langu, nilijua kuna mwanamme, nikaficha. Maneno kama kumi na tano, yote kwa mpigo.

"Nani kasema anarudishwa?" shangazi akaniuliza, chanuo halikusimama. "Atabaki mpaka mkataba wake uishe. Nyinyi watoto mna maneno."

Mimi, nina maneno. Nikashuka. Dada alikuwa uani anaanua nguo. Akanitaka nimpe jibu kama lilivyotoka, nami nikampa lote, mpaka chanuo ambalo halikusimama. Alichukua shuka kutoka kwenye kamba, akanirushia ncha mbili, akashika mbili, tukalinyoosha na kulikunja, kisha akavuta la pili.