Jaa lililokuwa uani kwa Mutheu sasa linalisha majirani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua halijapanda hata mapaa ya mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi, na tayari mtu anagonga mlango wa nyuma wa nyumba ya Mutheu Nzau.

"Mama Triza! Sukuma ya hamsini, na uniongezee dania kidogo, tafadhali."

"Ngoja basi, Jacky. Mboga haina miguu, haitakimbia."

Jacky ana kibanda cha chakula kando ya barabara ya kwenda soko la Gikomba, na mafundi wanaopita hapo asubuhi hawana simile. Mutheu ameinama katikati ya mistari, anachuma majani ya chini na kuacha yale machanga ya juu. Akifika mche wa ishirini anajinyoosha, anashika kiuno, anaangalia shamba lake lote mara moja, kisha anainama tena. Mtu akimtazama hivi hivi atadhani mgongo unamuuma. La. Anajivunia.

Na ana haki. Ua huu una urefu wa hatua kumi na nne na upana wa hatua tisa tu, lakini ndani yake mna sukuma wiki, managu, terere, kunde, viazi vitamu na malenge yaliyopanda ukuta bila kuomba ruhusa. Magunia yaliyoleta nguo za mitumba Gikomba yamesimama wima kando ya njia, yamejazwa udongo na kutobolewa matundu, spinachi zinachungulia kila upande.

Ikifika saa mbili, Mutheu atakuwa amenawa mikono na kuketi nyuma ya cherehani yake huko Gikomba, akipunguza suruali na kubana magauni ya wateja. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na mbili. Shamba limemkuta ukubwani.

Mwaka 2018 hapa palikuwa jaa. Chupa zilizovunjika, soli za viatu, springi za kitanda, beseni la mtoto lisilo na kitako. Mtu akimaliza kula mua, maganda yalirushwa juu ya ukuta, yakatua kwa Mutheu.

"Nilikuwa naona haya kufungua mlango wa nyuma mgeni akiwepo," anasema. "Siku moja nikasema, liwalo na liwe, naanza na pale mlangoni."

Alianza na ukanda mmoja, upana wa mikono miwili. Alichimba, akachekecha udongo kwa wavu wa kitanda kibovu, akaokota vioo kimoja kimoja. Mwezi uliofuata, ukanda wa pili. Majirani walimcheka, wakamuuliza kama ametumwa na mganga kutafuta kitu.

"Ni kama kupunguza suruali," anaeleza. "Hukati yote mara moja. Unapima, unakata kidogo, unapima tena. Ukiwa na haraka utamharibia mwenyewe nguo."

Miaka miwili na nusu ilipita hivyo. Ua ulipokuwa safi kuliko sebule za watu, mumewe, Nzau Maingi, dereva wa lori la kubeba saruji, naye akaanza kuutazama. Ila yeye hakuona mboga.

"Angalia mtaa huu," Nzau anasema, na hafichi chochote. "Karibu kila ua una vyumba vya mabati vya kupangisha. Mimi nilihesabu viwili, elfu tatu mia tano kila kimoja. Mama Triza amenisafishia kiwanja bure! Nikamwambia, shamba liko ushago, hapa ni Nairobi."

Ikawa vita baridi ndani ya nyumba. Wiki mbili mtu akiomba chumvi mezani anaiomba kupitia kwa mtoto. Mwishowe, Februari 2021, wakakubaliana mbele ya binti yao Triza, ili asiwepo wa kuruka maneno yake. Mwezi mzima wa Julai nyumba ile isinunue hata jani moja la mboga sokoni. Ua ukiweza kuwalisha, ni wa Mutheu. Likinunuliwa fungu moja tu, fundi wa mabati anaingia Agosti mosi.

Mutheu alikubali kwa mbwembwe. Yeye ni mtu wa Mwala, Machakos, na kule mtoto hujifunza kutunza unyevu wa ardhi kabla hajajifunza kufunga kamba za viatu. Udongo hufunikwa kwa nyasi kavu, jua lisiunyonye. Lakini Shauri Moyo nyasi zatoka wapi? Akakumbuka maseremala wa Gikomba, jirani zake kazini, na malundo yao ya vumbi la mbao linalotolewa bure.

Akakodisha mkokoteni. Akaleta magunia manane. Na badala ya kulitandaza juu kama nyasi za kwao, akaona alizike kabisa ardhini, lifanye kazi mara mbili. Hapo ndipo alipojikwaa.

Katikati ya Aprili sukuma zote alizopanda humo zikawa njano. Zikadumaa, hazifi wala hazikui. Mutheu akazimwagia maji, zikazidi kuwa njano. Jumamosi moja fundi wa mabati akaja na utepe wake, akapima ua kutoka ukuta hadi ukuta huku Mutheu amesimama na kopo mkononi.

"Nililia, sikufichi," anasema. "Si kwa sababu ya mboga. Nilikuwa nimeokota kila kioo cha mahali hapa kwa mkono wangu. Sasa mtu anakuja kupima pa kuchimbia nguzo?"

Aliyemwokoa ni mwanamke aitwaye Wangu, au Mama Muriuki, jirani wa ukuta kwa ukuta ambaye anafuga kuku. Alichungulia, akaingia, akachota udongo akaunusa.

"Ai, Mama Triza! Umetia nini huku?"

"Vumbi la mbao. La kutunza maji."

"Umelizika? Woi! Mimi nimekulia Nyandarua, karibu na mashine za kupasua mbao. Ukizika vumbi bichi, udongo unashinda ukitafuna mbao. Nguvu yote inaishia huko. Mboga zako zitakula nini?"

Wanawake hao wawili walivaa viatu vya mpira wakachimba siku tatu. Walitoa vumbi walilolifikia, na kwenye lile lililobaki wakachanganya samadi ya kuku iliyokwisha kuoza, magunia sita. Wangu alikataa malipo. Alisema atakula mboga, na ukimwona leo akipita na kikapu chake utajua hakusahau.

Mei wakapanda upya. Safari hii Mutheu aliongeza terere na kunde, mboga zisizochelewa. Julai mosi ilipofika, sukuma zilikuwa zimefika magotini, kijani hadi zinang'aa.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Jumapili ya tatu Nzau akatokea na wanaume wanne wa gereji, wenye matumbo yao, eti wamepita kusalimia.

"Nilijua ni mtego," Mutheu anacheka. "Ninyi wageni wanne, na mmekuja saa saba kamili? Nikasema karibuni, kaeni."

Alichuma majani ya malenge, akachanganya na kunde, akasonga ugali wa watu kumi. Walikula wakarudia. Na mmoja wao, Nyamai, alipoaga akauliza kama anaweza kupata kifungu cha kumpelekea mkewe, akaacha shilingi hamsini mezani. Nzau akabaki kutazama ile noti kama mtu aliyefungwa bao na timu yake mwenyewe.

Tarehe thelathini na moja alimpigia fundi simu akamwambia asije.

"Nilishindwa," Nzau anakiri. "Lakini sikiza, sijawahi kufurahia kushindwa namna ile. Huyu mwanamke ni moto! Leo watu wakinisalimia hapa mtaani wananiita Baba Sukuma, na ninaitika."

Sasa Mutheu anauza mboga za shilingi mia tano hadi mia saba kwa siku, na anachopata kwa mwezi kinapita kodi ya vile vyumba viwili. Si kwamba mambo ni mteremko. Maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, hivyo mapipa hayakauki na maji ya kuoshea mchele hayamwagwi. Mwaka jana mtu aliruka ukuta akafyeka mstari mzima wa spinachi. "Huyo alikuwa na njaa au alikuwa na hoteli," anasema Mutheu, na anaonekana kuamini la pili.

Ukimuuliza mipango yake, hatazungumzia pesa kwanza. Anakupeleka kibarazani, kwenye shuka safi iliyotandazwa majani ya kunde. Yamechemshwa kidogo, yanakaushwa polepole kama wafanyavyo kwao ili yasiharibike. Gunia limekaribia kujaa.

Tangu aolewe, mama yake Kamene, mwenye miaka themanini na mmoja, humtumia gunia kutoka Mwala kila baada ya mavuno: mahindi, mbaazi, kunde kavu. Mutheu hurudisha sukari na mkate, na moyo wake haujawahi kutulia kwa hilo. Msimu uliopita mvua ilikataa kabisa, na kwa mara ya kwanza gunia halikuja. Mama alipiga simu kuomba msamaha.

"Fikiria! Mama yangu, ananiomba mimi msamaha kwa kukosa kunilisha," anasema.

Desemba, Nzau ameomba ruhusa kazini ampeleke Mutheu Mwala yeye mwenyewe, na gunia lake la kunde.

"Sitamwambia Mama kitu," Mutheu anasema, huku akigeuza majani kwa kiganja. "Nitazipika nimwandalie, nikae nimwangalie. Mama anazijua kunde, huwezi kumdanganya. Ataonja, ataniuliza zimetoka shamba la nani. Hapo ndipo nitamwambia: Mama, kula ushibe, ni langu."