Zimwi Lililoogopa Kuku Katika Stoo ya Kahawa

Siku yangu ya kwanza kazini, fundi Odhiambo aliniambia niweke mikono nyuma, kama mtoto aliyeingia dukani na mama yake. Tulikuwa katika chumba cha mabati nyuma ya ofisi ya ustawi wa jamii, Thika, na mezani kulikuwa na projekta, ile mashine ya kurusha picha ukutani. Alinionyesha taa yake, lenzi yake, na katikati kitundu cha mraba ambapo filamu hupita mbele ya mwanga. Kitundu hicho tulikiita lango.

"Unywele mmoja ukikwama hapa," akasema, "kule ukutani utaonekana kama mti umeanguka. Watu watatazama mti. Hawatakusikiliza wewe."

Mimi niliajiriwa kuwa mkalimani wa sinema. Filamu zilikuja na sauti ya Kiingereza. Odhiambo aliipunguza ile sauti, nami nikakaa kando ya shuka jeupe na maikrofoni, nikawaambia watu kwa Kikuyu yaliyokuwa yakisemwa. Kabla ya hapo nilikuwa napiga chapa ofisini. Mkalimani aliyenitangulia alikuwa mwanamume mwenye sauti ya kuitisha baraza, na akina mama wakimsikia walidhani wanaitwa kazini tena. Ndiyo sababu wakatafuta mwanamke.

Mkubwa wetu alikuwa Ofisa wa Ustawi, Mwingereza mrefu aliyevaa kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikawa kama karatasi. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mwoga wa mambo asiyoyaelewa, na Kikuyu kilikuwa mojawapo. Aliniita mezani kwake siku hiyo hiyo. "Wewe nasema pole pole," akaniambia. "Mama nasikia, toto nasikia. Lakini hapana ongeza maneno."

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Vijana wanaosoma haya wamesikia habari za vita vile, kwa hiyo nitasema tu yaliyogusa kazi yangu. Watu wa upande wa Ruiru walikuwa wameondolewa kwenye mashamba yao na kupangwa katika vijiji vyenye handaki na uzio wa miti iliyochongwa. Wanaume wengi walikuwa kizuizini. Ukitaka kwenda sokoni, kibali. Ukitaka kulala kwa dada yako, kibali. Kafyu ilianza jua likizama, kwa hiyo hatukuweza kuonyesha sinema usiku kama ilivyokuwa desturi. Tulitumia stoo ya kahawa ya shamba moja karibu na kijiji, mchana, tukaziba madirisha kwa magunia mpaka ndani pakawa giza. Mpaka leo nikinusa gunia jipya nafikiri picha inaanza.

Mwanzoni tulikuwa na filamu za sabuni, za kuchimba matuta na za kuogesha mbuzi dawa. Watu walizitazama kama wanavyotazama mvua kupitia mlangoni. Kisha siku moja likaja sanduku lenye katuni, yaani picha zilizochorwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, zikipitishwa haraka mpaka zinatembea. Ilikuwa hadithi ya kale ya kuchekesha. Zimwi kubwa, lenye meno kama jembe, linakuja kumposa binti ya mfalme, na limekuja na mama yake. Ikulu yote inatetemeka. Lakini zimwi lenyewe linaogopa kuku, na binti ya mfalme anafuga kuku.

Odhiambo na mimi tuliitazama ofisini kwanza. Fundi yule hakuwa mtu wa kucheka, lakini alilazimika kuizima mashine ajifute macho. Nikajua tumepata kitu.

Tukaipeleka Ruiru, na hakuna aliyecheka.

Walinzi wa kijiji, waliokuwa upande wa serikali, waliwaleta akina mama moja kwa moja kutoka kwenye handaki walilolazimishwa kuchimba, majembe bado mabegani, wakawapanga kwa mistari. Mkuu wa walinzi akasimama nyuma na bunduki yake. Alikuwa mtu wa kijiji hicho hicho, na alikuwa akiogopwa kuliko Mzungu, kwa kuwa alimjua kila mtu kwa jina la baba yake. Zimwi likaja, likaanguka kisimani, likapandwa kichwani na jogoo. Kimya. Nilisikia projekta tu ikitatarika. Hata watoto walitazama nyuso za mama zao kwanza, halafu wakanyamaza.

Baadaye, Odhiambo akikunja shuka, nilimfuata bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye ngazi akifunga kidole kilichochubuka. Tulimwita Cucu Njoki, yaani Bibi Njoki kwa Kikuyu. Mwanawe wa pekee alikuwa kizuizini, na yeye na mkaza mwanawe walikuwa wakimlea Wairimu, mtoto aliyezaliwa baba yake akiwa ameshachukuliwa.

"Cucu, hadithi ilikuwa mbaya?"

"Hadithi ni nzuri," akasema. "Hata mimi namjua mama mkwe kama yule. Lakini mtu akisimamishwa na askari hacheki, mwanangu. Anangoja kuambiwa amekosa nini."

Maneno hayo sikuyasahau njia nzima ya kurudi Thika. Kesho yake nikaenda kwa Ofisa nikamwomba mambo mawili: picha ionyeshwe Jumapili baada ya kanisa, na asiletwe mtu. Atakayetaka aje mwenyewe, na magunia yatandikwe chini watu wakae.

Akanitazama sana. "Kama hapana watu nakuja?"

"Basi bwana utanirudisha kupiga chapa."

"Hapana chapa," akasema. "Mimi narudisha wewe nyumbani." Nyumbani kwetu ilikuwa kijiji kama kile, chenye handaki kama lile. Nikasema sawa. Nilipotoka nje Odhiambo akanipa chai yake bila kuuliza kitu.

Jumapili tuliziba madirisha mapema tukangoja. Ofisa alikuwa mlangoni. Wakaja watoto tu, wakarudi mbio, na kwa muda nikadhani ndio mwisho. Kisha akaja Cucu Njoki akiwa amemshika Wairimu mkono, nyuma yake akina mama wawili, halafu wengi, na wazee na fimbo zao. Walikuwa wamewatuma watoto kuchungulia kama kuna askari ndani.

Stoo ilipokaribia kujaa, akaingia mkuu wa walinzi. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na mke wake na watoto watatu, amevaa koti la Jumapili. Watu wakasogeza magunia yao mbali, na jamaa ile ikakaa peke yake katikati ya sakafu kama kisiwa.

Tukaanza. Nikamwiga mama wa zimwi kwa sauti ya shangazi yangu, aliyekuwa hawezi kuona sufuria ya mtu bila kuifunua. Nikasikia akina mama wakipumua kwa pua, ile pumzi ya mtu anayejizuia. Ikafika mahali zimwi linamwona kifaranga, kifaranga mmoja tu, likaingia chini ya shuka la mama yake likabaki limetoa miguu. Pale ndipo mkuu wa walinzi alipocheka. Kilikuwa kicheko chembamba, cha juu, kama cha msichana, na hakikumfaa kabisa mtu mwenye kifua kile. Stoo nzima ikageuka. Akafunika mdomo kwa kofia, lakini mabega yakaendelea kuruka. Mtoto wake mdogo akamwambia kwa sauti, "Baba, nyamaza, hatusikii."

Cucu Njoki ndiye aliyefuata. Kisha ikawa kama maji yaliyovunja ukingo. Watoto walicheka kuanguka, akina mama wakamcheka mama mkwe, wazee wakamcheka mfalme aliyepoteza taji lake ndani ya uji. Nilielewa siku ile kwa nini picha ya namna hiyo inafaa kwa jamaa nzima. Kila mtu alikuwa na chake cha kucheka, na bado walicheka pamoja, na mtoto akimwona bibi yake anacheka hucheka mara ya pili.

Karibu na mwisho, ikulu yote inalicheka zimwi, na mfalme anasimama anapiga kelele neno moja la Kiingereza, maana yake nyamazeni. Mimi nikasema, "Nani amewapa kibali cha kucheka?"

Watu walilala chini. Sisemi kwa mafumbo, walilala kweli kwenye magunia. Hata Odhiambo, aliyekuwa na Kikuyu cha sokoni tu, alilijua neno kibali.

Ofisa naye hakuwa kiziwi. Tulipomaliza akaniita kando. "Mfalme nasema neno moja. Wewe nasema mingi. Nasema nini?"

"Mfalme anawaambia wanyamaze, bwana."

"Kwa nini watu nacheka zaidi?"

"Kwa sababu hawakunyamaza, bwana."

Akamwita karani wake, aliyekuwa amekaa na watu ndani, amtafsirie. Uso ukamwiva. Hakupiga kelele, akasema tu kwamba picha inaweza kurudi Jumapili nyingine, lakini pale mfalme anaposimama mimi nifunge mdomo, na atakuwepo kusikiliza. Nikijibu zaidi, nitakwenda nyumbani. Nikafunga mdomo tangu hapo hapo.

Jumapili iliyofuata stoo ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya mizani ya kahawa. Mkuu wa walinzi alikuja tena, na safari hii magunia hayakusogezwa sana. Mfalme akasimama. Nikaiweka maikrofoni mapajani, nikakunja mikono. Mfalme akafungua kinywa, na kutoka sakafuni Cucu Njoki akauliza taratibu, kama anayemuuliza jirani habari ya maziwa, nani amewapa kibali cha kucheka. Kisha wakasema wote, wazee kwa watoto.

Nilimtazama Ofisa pale mlangoni. Akavaa kofia yake, akatoka nje kuvuta sigara. Jambo lile hakulitaja tena, wala hakunirudisha nyumbani. Nafikiri alielewa kwamba hakuna wa kumfukuza.

Picha ile tuliizungusha Thika kwenye kambi za wafanyakazi wa mkonge, Ruiru, mpaka mtaa wa Kahawa. Ilikatika mara nyingi, na Odhiambo aliiunganisha kwa gundi yenye harufu kali, kila mara ikawa fupi kidogo, hadi kisima lilimoangukia zimwi kikatoweka na zimwi likawa linalowa tu bila sababu. Hakuna aliyelalamika.

Ninalolikumbuka zaidi lilitokea wanaume walipoanza kurudi. Mwana wa Cucu Njoki alirudi amekonda, ndevu zina mvi, na Wairimu hakumtaka. Alimwita "yule mgeni wa cucu" na alikataa kula akiwapo. Jumapili moja walikuja wote wanne. Baba alikaa ukutani, mgongo kwenye mawe, akitazama mlango zaidi ya picha. Zimwi lilipotokea na meno yake, yule mwanamume alishtuka, akanyanyuka nusu. Wairimu akamtazama. Akatoka kwenye mapaja ya bibi yake, akaenda akakaa karibu naye, na kwa sauti ya mtu mzima anayemfundisha mgeni njia akamwambia, "Usiogope. Hilo linaogopa kuku. Ngoja utaona."

Sikuweza kutafsiri kipande kilichofuata. Odhiambo alifikiri maikrofoni imeharibika.

Baada ya Uhuru nilihamishiwa ofisi ya baraza la mji, nikasimamia vikundi vya akina mama, kisha shule za chekechea, na nikastaafu nikiwa Ofisa Ustawi Msaidizi, mwenye meza yangu mwenyewe, nisiyeitwa tena mezani kwa mtu wa kaptura. Wajukuu huniuliza kama sinema zetu zilibadilisha kitu. Jibu langu ni kwamba Jumatatu handaki lilichimbwa kama kawaida. Mkuu wa walinzi na watu wa kijiji hawakuwa marafiki kwa sababu ya kifaranga. Lakini kwa saa moja walikaa sakafu moja, na baadaye, mambo yalipotulia, walikuwa na kitu kimoja cha kuzungumza ambacho hakikuwa damu.

Mwezi uliopita nilikwenda kuitafuta ile stoo. Kahawa iling'olewa zamani, na hapo pamejengwa nyumba za kupangisha, nguo zimeanikwa kila ghorofa. Kijana wa duka la chini hakujua stoo yoyote. Nilikuwa karibu kurudi niliposikia kutoka dirisha moja televisheni ikipiga muziki wa katuni, na watu wa rika zote wakicheka, mtoto, mama, na kikongwe mwenye kifua kibovu. Nikasimama pale. Mwanamke kijana akatoa kichwa.

"Cucu, unatafuta nani?"

"Sitafuti mtu," nikamwambia. "Nasikiliza tu."

Akanifungulia mlango. Nilipewa chai na mahali pa kukaa, na watoto hawakugeuza hata macho kuniangalia.