Utani wa Ndoo Mbili

Mwanangu wa kwanza alianza kuota kipara utosini akiwa darasa la tatu. Nilikuwa namsuka barazani siku ya Jumapili, nikaona nywele za katikati zimekatika na ngozi inang'aa kama ya mchukuzi wa sokoni. Nikamuuliza, "Hii nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

Nikaendelea kusuka. Mtoto ukimshika nywele hana pa kukimbilia, atasema tu.

Tulikuwa tunakaa Temeke, nyumba ya miti na udongo, na mume wangu alikuwa mpakuaji wa mizigo bandarini. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, shule zote zina bustani au shamba, watoto wanalima na kumwagilia, ndiyo elimu ya kujitegemea. Mie sikuwa na ugomvi na hilo. Kumwagilia mchicha hakujaua mtu. Ila kila mtoto alitakiwa kubeba ndoo moja tu kutoka bombani, tena ndoo ndogo, na ndoo moja ndogo haing'oi nywele za mtu. Hapo ndipo akili yangu ilipokwama.

Nilipomaliza kusuka nikamwambia haondoki pale mpaka aseme. Akasema.

"Kuna mvulana wa darasa la tano. Nabeba yangu, halafu narudi nabeba na yake. Nikikataa ananifinya huku." Akanionyesha ndani ya mkono, juu karibu na kwapa, pale ambapo nguo inafunika. "Anasema mie mtumwa wake. Anasema babu zake walibeba mizigo kutoka bara mpaka pwani, sie Wazaramo tukawa tumekaa tu tunapiga ngoma. Sasa eti zamu yetu kubeba."

Mume wangu alikuwa ndani anavaa shati. Akacheka mpaka akatoka nje bado hajafunga vifungo.

"Huyo Mnyamwezi! Huyo kijana ana akili! Mtani wako huyo, mama. Na wewe mtanie."

Maana sie na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakuita mtumwa, unamwita mpagazi. Anakuja kwako anachukua kuku, unacheka. Mume wangu alikuwa na mtani wake bandarini, wanatukanana kutwa nzima na chakula wanakula sahani moja. Na huyo mtani ndiye baba wa yule mvulana. Kwa hiyo nikaona palipo na uzito: mume wangu hatakwenda kulalamika.

"Nikamwambie nini?" akasema. "Kwamba mwanao kamtania mwanangu? Nitachekwa bandari nzima."

Mtoto akafanya alivyoambiwa. Kesho yake akamwambia mvulana, "Mpagazi mkubwa wewe, beba mwenyewe, ndiyo kazi ya ukoo wenu." Maneno alifundishwa na baba yake, na yalikuwa mazuri. Alirudi nyumbani na alama nyingine mbili mkononi. Akaweka mkoba chini akasema shule hataki tena.

Baba yake hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa maneno machache kwenye mambo ya watoto. Akasema, "Hataki, asilazimishwe. Mama yangu anakuja mwisho wa mwezi, atarudi naye Kisarawe akamsaidie shamba. Akikua kidogo atawekwa ndani, awe mwali kama wenzake."

Mie nilitolewa shule darasa la pili nikapelekwa shamba kwa maneno hayohayo, karibu neno kwa neno. Sikubishana. Nilikuwa na muda mpaka mwisho wa mwezi, nikaanza kufikiri.

Nilichokuwa nataka kukijua ni kimoja. Utani ni nini hasa? Tumezaliwa tumeukuta, tunautumia, lakini hakuna aliyewahi kunieleza unaishia wapi. Mtani akikuchukulia kuku hujakasirika, mtoto akibebeshwa ndoo ya mtani mbona anakataa shule?

Nilianzia kwa mwalimu. Kijana mwenyewe, amenyoosha suruali, ametoka mkoa wa mbali. Akanisikiliza vizuri, halafu akasema, "Mama, hapa hatuna Mzaramo wala Mnyamwezi. Hapa tuna wanafunzi. Hayo ya makabila tuyaache nyumbani."

"Sawa mwalimu. Na ndoo?"

"Ndoo gani?"

"Ndoo ya pili iliyo kichwani mwa mwanangu. Hiyo nayo niiache nyumbani?"

Akasema ataangalia. Nadhani aliangalia kweli, lakini watoto wanajua mwalimu anaangalia saa ngapi.

Wiki hiyohiyo mtaani kwetu akafa mzee mmoja, na watani walikuja msibani kama kawaida yao. Wakalala mbele ya jeneza, wanasema haendi kuzikwa mpaka awalipe deni la tumbaku. Mmoja akavaa kofia ya marehemu akakaa kwenye kiti chake akaanza kugombeza wafiwa kwa sauti ileile ya marehemu. Miaka yote nilikuwa nacheka tu. Siku ile sikucheka, nikakaa pembeni na wanawake wenzangu nikawa namtazama yule mwenye kofia. Nikaona jambo. Kila akisema neno, macho yake yanakwenda usoni kwa mjane. Anasema, anamtazama. Mjane akitabasamu, anaongeza. Mjane alipoinamisha uso mara moja akajifunika kanga, yule mtani alivua kofia palepale akaenda kukaa chini karibu naye, kimya. Hakuambiwa na mtu.

Nikarudi nyumbani na hilo kichwani.

Jumamosi iliyofuata wazazi tuliitwa kujenga darasa, kazi ya kujitolea. Sie wanawake tulikuwa tunapokezana matofali kwa mstari, na nilijichagulia mwisho wa mstari, unaoelekea bustani. Watoto walikuwa wanamwagilia. Mvulana mwenyewe nikamwona: mrefu, miguu mirefu, mchekeshaji. Mwanangu alikuwa amekuja na mimi kwa sababu nilimlazimisha. Akabeba yake, akarudi, mvulana akamwekea ya pili kichwani na kusema neno. Wenzake wakacheka. Nikamtazama macho. Hayakwenda usoni kwa mwanangu hata mara moja. Yalikuwa yanakwenda kwa wenzake.

"Mama nanii, tofali!" akanipigia kelele mwenzangu. Nilikuwa nimesimama na tofali mkononi mstari mzima unanisubiri.

Halafu nikaona la pili. Ndoo ya rafiki yake mmoja alibebeshwa mtoto mdogo wa kiume, wa darasa la kwanza, mwenye kaptula inayomvuka magoti. Aliyemfinya ni mvulana yuleyule. Na yule mtoto nilikuwa namfahamu, mama yake anatuuzia karanga. Mnyamwezi mtupu, tena wa nyumba ya jirani na kwao mvulana.

Hapo nikacheka mwenyewe, kicheko kibaya.

Siku ile jioni nikaenda kwa mama wa mvulana, bila kumwambia mume wangu. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Kuniona tu akaweka ungo chini.

"Haya, mtumwa wangu umekuja! Umetoroka ngomani?"

"Nimekuja kuangalia kama mpagazi ameshatua mzigo."

"Nitatua vipi na nyie Wazaramo hamjui hata kumpokea mtu? Kaa. Usikae hapo, hapo wanakaa watu."

Nikakaa hapohapo. Tukaendelea hivyo kidogo, na nilikuwa namtazama: alikuwa ananitazama usoni muda wote. Halafu nikamweleza. Sikuongeza chumvi. Nikamwambia ndoo, nikamwambia kufinywa, nikamwambia mwisho wa mwezi mwanangu anapelekwa Kisarawe na shule ndiyo basi.

Akasema, "Watoto, dada. Utani wa watoto mkali. Nitamwambia apunguze."

"Na mtoto wa hapa jirani yako, mwanao anayemfinya abebe ndoo ya rafiki yake?"

"Yupi?"

Nikamwonyesha nyumba kwa kidevu.

Akageuka kuitazama. "Yule wa kwetu," akasema. "Yule tunazungumza lugha moja. Yule atakuwaje mtani wake?"

"Ndiyo nimekuja nikuulize wewe. Mie Mzaramo, sijui."

Alichukua ungo akapepeta, akauweka tena. Akasema, "Kesho mlete mwanao. Kama ni utani, utalipwa kwa utani."

Kesho yake majirani walikuwa wamekaa nje kama kawaida ya Jumapili. Yule mama akamwita mwanawe, akamwita na mwanangu, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Binti, huyu mtani wako. Kakuchezea sana. Leo zamu yako. Chukua chochote chake."

Watu wakaanza kushangilia, wanajua mchezo huo. "Mchukulie shati! Mchukulie kitanda!" Mvulana naye alikuwa anacheka, anawatazama wenzake.

Mwanangu alizunguka uani polepole kama mtu anayechagua nyanya. Akasimama kwenye gari la waya, lile ambalo wavulana hutengeneza wenyewe, magurudumu ya kandambili zilizokatwa, usukani mrefu wa mti. Lilikuwa limetengenezwa kwa ustadi, lina hata taa za vifuniko vya soda. Akalishika.

"Hili," akasema. Halafu akaongeza, na hili sikumfundisha wala baba yake hakumfundisha, "Na unibebee mpaka kwetu. Kichwani."

Uani palilipuka kwa kicheko. Mvulana hakucheka. Uso ulimkunjamana, akanyanyua mkono, mbele ya mama yake, mbele ya wote. Mama yake akaudaka.

"Ahaa," akasema taratibu. "Kumbe ukitaniwa unapiga. Basi wewe huna mtani. Wewe una watu unaowaonea tu. Beba."

Akabeba. Tulitoka, mvulana na gari lake kichwani, mwanangu nyuma yake, mie nyuma yao. Watoto wa mtaa wakatufuata wanamzomea, "Mpagazi! Mpagazi!" Hilo halikunipendeza. Niliokota fimbo nikawatawanya. Mvulana alikuwa analia bila sauti, na mwanangu alikuwa amekwenda mbele kidogo, anageuka, anamtazama usoni.

Tulipofika mlangoni kwetu akamwambia, "Haya, rudi nalo."

Nilimuuliza baadaye kwa nini. Mie ningekaa nalo mpaka waya ushike kutu. Akanijibu, "Sijui kuliendesha."

Yule mama alifanya na jambo jingine, na hili ndilo ninalomshukuru kuliko lile la uani. Kila Ijumaa alikuwa anapita kwetu, hamuulizi mwanawe, anawauliza mwanangu na yule mtoto wa jirani yake: wiki hii mmebeba ngapi? Nani kawagusa? Anawapandisha mikono ya nguo anaangalia mwenyewe. Tukaenda wote wawili kwa mwalimu, tukamwambia hatukuja na makabila, tumekuja na mikono ya watoto. Akakubali siku za kumwagilia mama mmoja akae bustanini, tukipokezana. Hatukuwa na maneno makubwa. Tulikuwa tunakaa tu tunamenya karanga. Na siku za mwanzomwanzo walikuja watoto wengine, mmoja mmoja, wanajifanya wanaomba karanga, halafu wanasema. Sikujua walikuwa wengi hivyo.

Lakini Jumatatu ile ya kwanza hayo yote yalikuwa bado. Mwanangu alichukua ndoo yake akaondoka bila kusema anakwenda wala haendi. Mie nikamfuata kwa mbali, nikajificha nyuma ya ukuta wa lile darasa ambalo halijapauliwa. Nikamwona mvulana anatoka bombani na ndoo yake mwenyewe, maji yanammwagikia shingoni kwa sababu hajui kubeba. Mwanangu akampita.

"Wee mpagazi," akamwambia, "babu yako angekukana."

Mvulana hakujibu. Hakumgusa pia. Alikaza shingo akaenda zake.

Nikarudi nyumbani. Mume wangu alikuwa zamu ya mchana, anakunywa chai.

"Amekwenda?"

"Amekwenda. Kamtania."

"Mvulana kacheka?"

"Hajacheka. Lakini kabeba yake."

Akafikiri, akageuza kikombe mkononi. "Basi bado hajawa mtani."

"Bado," nikasema. "Na wewe mpelekee mama yako salamu kwamba akija mwisho wa mwezi, aje kututazama tu. Atarudi peke yake."

Alinitazama usoni kwa muda, kuona kama natania. Halafu akamaliza chai yake.