Theluji Mlangoni pa Kampuni Sabini na Mbili

Wenyeji wa Oberfluh, kijiji cha milimani Uswisi, husifu vitu viwili bila kupumua: jibini lao na usafi wa benki zao. Jibini halina ubishi. Cha pili kilimkosesha raha Annelis Tschudi, mpeleka barua.

Miaka kumi na tisa alipanda hadi shule ya zamani, jengo la kijiji alilokodishwa wakili Kälin. Mlangoni palikuwa na majina ya kampuni sabini na mbili zenye akaunti katika benki hizo, na sanduku moja la barua, dogo hata kuku asingeenea kutagia humo.

Siku ya mkutano wa kijiji, raia walikusanyika uwanjani kupiga kura kwa mkono, jirani akikuona. Mkataba wa wakili ulikuwa umekwisha. Annelis alitaka wamnyime mkataba mpya mpaka aseme wenye kampuni ni akina nani.

"Dada, keti," kaka yake Balz alinong'ona. "Kodi anayolipa kijiji yule bwana ndiyo iliyoezeka kiwanda changu cha jibini. Unataka ninyeshewe?"

"Maziwa yako yana maji tayari, mvua itaongeza nini?"

Annelis akapanda jukwaani.

"Mama Tschudi," wakili akatabasamu, "uliapa kutunza siri za barua. Umesahau?"

Watu wakacheka. Annelis akamgeukia.

"Barua sizitaji, bwana. Nataja theluji. Kwetu hapa usipoizoa mlangoni mapema, jirani anakuandikia malalamiko. Najua, mimi ndiye ninayeyaleta. Ile ya shule ya zamani naizoa mwenyewe nipate kupita. Kampuni sabini na mbili, miaka kumi na tisa, na nyayo ni zangu na zako wewe, Jumatatu tu. Hao wenyewe wanaingilia wapi? Bomba la moshi?"

Safari hii alichekwa wakili.

Mwenyekiti akaita mikono. Annelis hakuangalia umati. Aliangalia mkono mmoja, mpana, uliochanika kwa maji ya chumvi ya jibini. Ukachelewa. Kisha ukapanda.

"Paa likivuja," Balz alifoka, "ndoo unashika wewe!"

"Nitaleta mbili, kaka."

Hoja ikapita: Kälin alipewa muda wa kuwataja wenye kampuni hadi ng'ombe watakaposhuka kutoka malishoni, baridi ikikaribia. Siku kengele zao ziliposikika, majina arobaini yalikuwa yameng'olewa mlangoni. Thelathini na mawili yalikuwa na wenyewe, wenye sura na anwani.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Annelis alipanda na koleo lake begani kama kawaida. Akakuta theluji ya njiani imeshazolewa, na nyayo za watu wengi zikielekea mlangoni.