Wanataka Nichonge Benchi, na Atakayelikalia ni Binti Yangu

Amahoro kwenu nyote wa ukurasa huu. Admini, jina langu libaki uvunguni, maana hapa Rumonge hata mbuzi wangu anajulikana. Mimi ni baba wa miaka hamsini na tatu, seremala, mnene kidogo, na kwenye kwaya naimba besi ambayo mwalimu huniomba niipunguze. Kiti nilichomchongea padri wetu mpya kilimwangusha Jumapili ya kwanza tu. Alicheka kuliko sisi wote. Hapo ndipo nilipompenda.

Sasa sikieni. Kanisani kwetu kulikuwa na benchi la nyuma, karibu na mlango, lisilo na pa kuegemea. Msichana akipata mimba akiwa bado kwao, au mtu akiishi na mwenzake bila ndoa ya kanisa, anakaa pale mpaka mambo yake yanyooke. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, kila mtu anaijua tu. Binti yangu wa pekee alikuwa akienda Magara kununua ndagala, vile vidagaa vya ziwani. Huko akapata mimba, na kijana mwenyewe akavuka ziwa kwenda Uvira, simu yake mpaka leo haipatikani. Binti akaambiwa akae nyuma. Alikaa Jumapili moja. Iliyofuata akasema kichwa kinamuuma, na kichwa hicho kikaendelea kuuma kila Jumapili.

Yule padri wetu mpya alipojua, alimfuata nyumbani, akala ugali wetu, akamwambia, "Dada, kwaya imebaki na baba yako. Tuokoe." Binti akacheka, mara ya kwanza tangu yale yampate. Jumapili akaimba, tumbo mbele, na padri akaagiza lile benchi lipelekwe kwa akina mama wanaopika siku za sikukuu. Wakalipasua kuni. Maharagwe ya siku ile yaliiva vizuri sana.

Weee! Konsei ya parokia, baraza la wazee wa kanisa, ikawaka kuliko zile kuni. Prezida wake ni mzee aliyenisimamia siku ya ubatizo wangu, mtu niliyefundishwa kumwita baba. Alikuja kwenye karakana yangu na watu waliobeba mbao.

"Mutoto wangu, utatutengenezea benchi ingine. Kama ile ile."

Nikamwambia, "Muzee, mwenye ataikalia iko mutoto yangu."

Akajibu taratibu, "Ndiyo maana tumekuletea wewe. Utapiga randa vizuri, isimuchome."

Jamani, alidhani ananifanyia hisani! Akaongeza kwamba bila benchi, jumuiya haitasimama na mjukuu wangu siku ya ubatizo. "Padri atamumwangia maji, sawa. Lakini nani atakuja?"

Nikamtegemea mke wangu, mama ninayemwogopa kuliko konsei. Akasema, "Dada yangu alikaa pale, hakufa. Unataka waseme seremala amegeuza kanisa sababu ya binti yake?" Nikamuuliza huyo dada alijisikiaje. Akaanza kuosha sahani zilizokuwa safi.

Nikaenda kwa padri. "Usilichonge, baba," akaniambia. Ni rahisi kwake. Padri anahamishwa, majirani hawahamishwi. Ndio watakaonizika, na kwa uzito huu nitahitaji wengi. Nikikataa, kuna seremala mwenzangu pale sokoni atalichonga kwa furaha, na yule hajui hata randa inashikwaje.

Nimechoka, ndugu zangu. Mzee analipenda kanisa, padri analipenda kanisa, na mimi nimebanwa katikati kama ubao kwenye jiliwa. Kila mmoja ananiita mtu mwema, halafu ananiachia kazi.

Juzi binti alizikuta zile mbao uani. "Papa, unatengeneza nini?"

Ulimi wangu, ambao haujawahi kunisaidia, ukajibu, "Kitanda ya mutoto."

Akanitazama, macho yakamjaa maji. Kisha akazikalia zile mbao, zikiwa bado hazijawa kitu, akashika tumbo lake na kuanza kuimba ule wimbo wa Jumapili. Mama yake alikuwa dirishani.

Tangu jana binti anashona kagodoro. Mzee naye ametuma ujumbe kwamba benchi linatakiwa kanisani Jumamosi.

Wenye watoto, wenye imani, na nyinyi mliowahi kukaa nyuma, hebu niambieni: kwa mbao hizi nichonge nini?