Pasi Ndani ya Kikapu

Jumamosi, tarehe tisa Machi. Tangu alfajiri mawingu ya kijivu yalikuwa yametanda, joto la kunata, hakuna jani lililotikisika. Mvua ilitishia kutwa nzima na haikunyesha.

Siku hiyo, muda mfupi baada ya adhuhuri, mtoto wa Bi Opereta aliteremka kwenye basi, akaja moja kwa moja mpaka kwenye nyumba yetu ya ghorofa, akapanda ngazi akiwa na begi kubwa lisilo na kitu ndani. Lilikuwa la kupakia nguo za mama yake.

Bi Opereta, tulimwita hivyo sisi wapangaji wenzake kwa sababu ya kazi yake. Miaka yake yote ya ajira aliimaliza katika chumba kisicho na dirisha, ghorofa ya chini ya ofisi kubwa, vidude vya kusikilizia vimembana masikio, akipokea simu na kuziunganisha. Mji aliujua kwa sauti. Karani wa stesheni ya reli alimjua kwa kikohozi kifupi kabla ya kila jibu, yule wa benki kwa kuburuta maneno, wa hospitali kwa vilio vya watoto nyuma yake. Lakini mitaa walikopigia simu hizo hakuwahi kuikanyaga. Gari la ofisi lilimchukua mlangoni asubuhi na kumrudisha jioni. Alipostaafu, mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mtoto wake wa pekee alikuwa ameajiriwa mji mwingine. Kuna siku alikuwa anainua simu yake mwenyewe kuhakikisha kwamba bado ina chaji.

Mwishoni mwa mwaka jana presha ilimpanda. Magoti yakauma, usingizi ukamruka, ngazi zetu akawa anazipanda kwa vituo kama basi. Mtoto akasema sasa basi, mama ahamie kwake. Kuna chumba cha nyuma, kuna wajukuu. Bi Opereta hakutaka hata kulisikia. Katika vyumba vyake viwili anajua kila msumari ulipigiliwa siku gani na kwa ugomvi gani. Mwishowe wakakubaliana: presha ikishuka kabla ya mvua kubwa kuanza, atabaki, isiposhuka, atahama.

“Dawa utameza, mama, lakini miguu nayo ifanye kazi,” muuguzi wa zahanati alimwambia. “Tembea kila asubuhi. Moyo ni kama pampu, ukiilaza inashika kutu. Nenda mwendo wa kuweza kuongea lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, unazembea. Ukishindwa kuongea, unajiua.”

“Na niongee na nani?”

Muuguzi alicheka, akidhani ni utani. “Jisemeshe mwenyewe, mama. Nani atakuuliza?”

Wa kuuliza walikuwepo. Chumba cha mbele cha nyumba yetu kimepangwa na mshonaji tunayemwita Mama Cherehani, na hakuna anayetoka nje bila kupita mbele ya mashine yake.

“Bi Opereta! Wapi asubuhi yote hii?”

“Natembea tu.”

“Unatembea kwenda kwa nani?”

“Siendi kwa mtu. Natembea.”

Mama Cherehani alisimamisha mashine. “Makubwa! Wenzio tunatafuta nauli tusitembee, wewe unakanyaga lami kwa kupenda! Au kuna mchumba unatuficha?”

Wanawake waliokuwa wakisubiri nguo zao waliangua kicheko. Bi Opereta naye alicheka, lakini neno lilimkaa. Na kila kona likarudi. Dereva wa pikipiki: “Mama, umepotea nikupeleke?” Mlinzi wa benki: “Unamtafuta nani hapa?” Akaona jinsi wanavyomtazama. Mwanamke wa umri wake anayezurura bila shughuli, ama wanawe wamemtupa, ama akili imeruka. Hakutaka kuhesabiwa upande wowote kati ya hizo mbili. Kwa hiyo akatafuta shughuli.

Kabatini kulikuwa na pasi nzito ya umeme, ya marehemu mumewe, ambaye hakumwamini mtu kumnyooshea suruali. Aliitia kikapuni, waya akauacha uning’inie nje kila mtu auone. “Napeleka pasi kwa fundi.” Maswali yakakoma siku hiyo hiyo. Tena watu wakaanza kumwelekeza. Mmoja alisema fundi wa maana yuko nyuma ya soko la viatu. Mwingine akasema, “Ala! Yule atakubadilishia vipuri, nenda ng’ambo ya reli.” Bi Opereta alikwenda kote alikoelekezwa, si kwa ajili ya mafundi, kwa ajili ya njia zenyewe. Ndivyo alivyoujua mtaa wa maseremala, ambako unga wa mbao unakaa kwenye nyusi za watu. Na uchochoro wa wafua mabati, unaoupita ukiwa umeziba masikio. Na mitambo ya uchapaji inayounguruma chini ya maghorofa. Na daraja la waenda kwa miguu, ambalo ukisimama katikati yake unauona mji mzima ukiwa na haraka.

Fundi mmoja alimkatalia kuondoka bila kuhudumiwa. Akaifungua pasi, akaipima, akaifunga. “Mama, hii haina ugonjwa.” Bi Opereta akashukuru, akaipokea, akaendelea na safari.

Kuhusu mwendo, alifuata agizo la muuguzi neno kwa neno. Ili ajipime alihitaji maneno, na yaliyomjia mdomoni yalikuwa yale yale ya kazini: “Habari za asubuhi, nikuunganishe na nani? Subiri kidogo. Laini ina mtu.” Akiyasema mpaka mwisho bila kukatika pumzi, anakaza mwendo. Na mwili uliitikia. Usingizi ulirudi. Magoti yakaacha kuuma, ngazi akazipanda bila kituo, sketi zikampwaya kiunoni hadi Mama Cherehani akazipunguza. Presha ilishuka kidogo kidogo, kila akipimwa.

Kisha, siku chache kabla mtoto wake hajaja, akiwa mtaa wa vipuri vya magari, alisikia kikohozi kifupi. Baada yake sauti: “Punguza bwana, hiyo pampu imeshatumika.” Alikuwa karani wa stesheni. Siku zote alimdhania ni pande la mtu. Kumbe ni mzee mfupi, mwembamba, aliyevaa koti lililomzidi. Alimkaribia, akasema kwa sauti ile ile ya ofisini, polepole, ili amtambue:

“Habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?”

Mzee alimtazama. Akautazama waya wa pasi. Akahamishia mfuko wake mkono wa pili. “Mama, leo sina kitu,” akamwambia kwa upole, akarudi kwenye bei yake.

Mama Cherehani alikuwa ng’ambo ya barabara akinunua zipu. Aliona yote. Alirudi nyumbani machozi yakimlengalenga, akatafuta namba ya mtoto, akapiga.

Ndipo Jumamosi ile mtoto akaketi ukingoni mwa kiti, begi magotini.

“Presha imeshuka,” Bi Opereta akawahi kusema. “Muulize muuguzi.”

“Nimemuuliza. Sikuja kwa ajili ya presha. Mama, unazunguka mjini na pasi mbovu, unaongea peke yako!”

“Pasi si mbovu.”

“Ndiyo mbaya zaidi!”

Bi Opereta alimweleza kisa chote, na kadiri alivyoeleza ndivyo yeye mwenyewe alivyosikia kinavyozidi kuharibika.

“Kwa hiyo unawadanganya watu kwamba unakwenda kwa fundi?”

“Ulitaka niwaambie nini? Kwamba sina mtu wa kumwendea?”

Mtoto alilishusha begi sakafuni. Bi Opereta akavaa viatu. “Twende. Tukirudi ukiona sina akili, nitapakia mwenyewe.”

Waliondoka mikono mitupu. Mama alitangulia, mtoto nyuma na kitambi chake na viatu vya ofisini. Alimpitisha njia ya mkato kati ya mbao, akamwonya wapi mfereji hauna kifuniko, akamwambia mtaa gani una kivuli asubuhi na upi jioni.

“Mama, punguza mwendo kidogo!”

“Unaweza kuimba?”

“Kuimba? Hata kuongea ni kazi!”

“Haya, tupunguze. Usije ukajiua.”

Mtoto alicheka mpaka akashika mbavu. Juu ya daraja walisimama apumzike. Aliipangusa miwani, akaivaa tena.

“Huna tatizo la akili,” alisema hatimaye. “Na mji unaujua kuliko dereva wa teksi. Lakini mama, kote tulikopita, hakuna hata mmoja anayekujua jina.”

“Ni kweli.”

“Kwangu wapo wanaolijua.”

“Wapo. Nao wanakwenda shule, nyinyi mnakwenda kazini, nabaki na ukuta usio wangu.” Alizishika nondo za daraja. “Huu wa hapa angalau nimeuzoea.”

Hakukuwa na ugomvi. “Kaa, basi,” mtoto alisema. “Ila utembee na kitambulisho na namba yangu, ukianguka wajue wa kumpigia.” Bi Opereta aliahidi. Alikuwa amekipata alichokipigania, na njia nzima ya kurudi alitembea polepole.

Jumapili asubuhi alichemsha chai, wakanywa wakiwa wamesimama, akamsindikiza mtoto kwa miguu mpaka kituo cha mabasi. Basi lilipoondoka alibaki amesimama hadi kondakta wa gari jingine akamuuliza kama anasafiri. Akasema hapana. Alitokea geti la nyuma, kwenye barabara asiyoijua, maduka yote yamefungwa, akaifuata mpaka lami ilipoishia. Kisha akageuka, akarudi, akapanda ngazi, akaosha vikombe viwili.